Mti Uliokuwa na Wenyewe

Nyumbani kwetu,
Kwenye meza ya cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie popote zitakapokukuta, uwe kazini au umejilaza. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wanangu wawili nao, na yule mdogo ameacha kuogopa lifti? Baridi ya huko imepungua au bado mnavaa nguo juu ya nguo? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu kwenye simu nikiuliza moja moja unanijibu "salama tu" kwa kila kitu, halafu mtandao unakatika. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Kwenye karatasi huwezi kunikatia.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unalalamika kidogo kwa kuinamia cherehani, ila si wa kunilaza. Shemeji yako naye yupo, anagonga bodi za magari kutwa nzima na kurudi jioni akidhani sote ni viziwi. Msimu wa sare za shule umepita nami nimetoka humo nikiwa hai, jambo ambalo mwezi wa kwanza sikulitegemea.

Mama mwili hajambo. Macho ndiyo yale, na sitakuficha, yamezidi kwenda. Jua na kivuli anavitofautisha, mtu akisimama mlangoni anaona weusi umesimama, basi. Lakini ndani ya nyumba hii huwezi kujua. Anaamka, anaweka mkono ukutani, anakwenda maliwatoni, anarudi, anachota maji, anakunja nguo za wateja wangu vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Wageni huondoka wakisema wamedanganywa, mbona mama anaona. Haoni. Anaijua nyumba.

Sasa habari yenyewe. Tumeuua ule mti wa uani.

Najua umeshtuka. Najua pia umesema nini, kwa sababu kila aliyekulia nyumba hii angesema hivyo hivyo: "Mti ule una wenyewe!" Tulia kwanza, mdogo wangu, uvute kiti. Hilo neno ndilo lililonifanya nikuandikie kurasa hizi zote, na wewe umo ndani yake kuliko unavyojua.

Yalianza na ufa. Chumbani kwa Mama, ukuta wa upande wa uani, kulikuwa na ufa tangu zamani, mwembamba, unaanzia karibu na kichwa cha kitanda. Miaka hii ya karibuni ukaanza kutembea. Ukapanda kidogo, ukateremka, ukaenda kimo cha kifua mpaka ukafika kwenye fremu ya mlango. Mlango nao ukaanza kugoma kufunga. Siku moja nikaingiza ncha ya mkasi kwenye ufa kuona kina chake, mkasi ukazama mpaka kwenye vidole vyangu. Wala usinicheke, unanijua. Mama hajaniita Bi Kwanini bure.

Nikaita fundi mwashi. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatoka nje akauangalia mti, akarudi ndani akapiga magoti na kukilaza kichwa sakafuni kana kwamba anasikiliza majirani wa chini. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema hasikii kitu, anaangalia sakafu kama imenyooka, na haijanyooka.

"Ukuta wako unanyanyuliwa," akaniambia. "Mizizi imeingia chini ya msingi. Nikiziba leo, mti ukiwa hai utafungua kesho. Na mvua zikija ukuta uko hivi, mama asilale humu. Mimi sitaki dhambi."

Kaka mkubwa aliposikia hakungoja. Wiki hiyo hiyo alinunua kitanda akakiweka kwenye chumba cha pili kule kwake ghorofani, akapiga simu kusema kila kitu tayari, Mama aje. Kaka ana moyo mzuri, hilo sote tunalijua, ila moyo wake hutangulia na maneno yakafuata baadaye. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akanirudishia simu. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Mimi hapa ni kipofu kwa watu wa nje tu," akaniambia. "Mkinipeleka kule nitakuwa kipofu kweli. Nitaomba mtu anishike mkono mpaka chooni."

Nilienda kulia kwenye chumba cha cherehani. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni damu yangu. Basi jambo lilikuwa moja tu: ama mti ufe kabla ya mvua na Mama abaki chumbani mwake, ama mti uishi na Mama ahame. Kwangu mimi hapakuwa na la kufikiri. Nikamwambia Mama kesho naleta watu wenye mashoka.

Mama akasema hapana.

"Una wenyewe," akasema. "Tafuta wenyewe, waombe. Wakikubali, ueni. Mti wa watu siuui kwa sababu ya kitanda changu."

Hapo ndipo udadisi uliponipanda kichwani, nikasahau hata hasira. Miaka yote hii, Kasuku, tumesema "una wenyewe" kama tunavyosema jua linawaka. Tulipokuwa wadogo hatukuupanda, hatukuning'iniza bembea, hatukuchonga majina yetu juu yake. Mpira ukinasa kwenye matawi tulisubiri upepo. Lakini hao wenyewe ni akina nani? Umewahi kujiuliza? Mimi, mtu niliyefungua redio ya nyumbani nione wasomaji wa habari wanakaa wapi, sikuwahi kuuliza swali hilo hata mara moja.

Basi nikafunga cherehani, nikaenda kuwatafuta.

Nilianza na jirani wa nyuma, yule mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Niliwaza labda mti ni wake, mpaka wetu uliwahi kusogezwa. Alinikaribisha, akanisikiliza, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, majani yenu yananizibia mfereji tangu nywele zangu nyeusi! Nimenyamaza kwa heshima tu, nikijua mnaupenda." Nikamwambia hatuupendi, tunaambiwa una wenyewe. Akaacha kucheka, akasema hata yeye alikwisha kusikia hivyo, kutoka kwetu.

Nikampigia shangazi. Shangazi alishusha sauti mara tu nilipotamka neno. Akasema mambo hayo hayaulizwi kwenye simu, wala mchana wala jioni, na hao wenyewe wakitajwa husogea. Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema mama yako.

Nikaenda mpaka ofisi ya ardhi. Nilipanga foleni na watu wenye kesi za maana, viwanja vilivyouzwa mara mbili, mirathi, nami nikafika dirishani nikauliza mti wetu uliandikishwa kwa jina la nani. Yule karani alinitazama juu ya miwani, akaniuliza kwa upole kama nimekula. "Dada, hapa tunaandika viwanja. Miti haijaanza kuja kujiandikisha." Waliokuwa nyuma yangu walicheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje. Nikarudi nyumbani nimewatafuta wenyewe kila mahali, na kila niliyemuuliza alinirudisha kwa Mama.

Nikamkalisha Mama. Nikamuuliza, wewe nani alikuambia? Akasema, baba yenu. Kwa mdomo wake? Akafikiri. Hapana, alinitumia salamu. Kwa mdomo wa nani?

"Wa Kasuku," akasema.

Sasa nisikilize vizuri. Huenda nisingejua zaidi ya hapo, maana Baba hayupo wa kumuuliza. Lakini Jumamosi iliyofuata mjomba alikuja kumjulia hali dada yake, kwa habari ya ukuta. Unamjua mjomba na sauti yake. Tangu masikio yalipoanza kumtupa anazungumza kama anamwita mtu ng'ambo ya uwanja. Akanywa chai, akazunguka uani, akautazama mti juu mpaka chini, akarudi akakaa. Kisha akasema, na nadhani mtaa mzima ulisikia:

"Lakini dada, na mimi leo niulize. Mti huu ulikupendeza nini hata ukamkatalia mumeo?"

Mama akasema, "Nimkatalie nini?"

"Kuung'oa! Si alikutumia mtoto?"

Mjomba alikuwa ndiye aliyeshika ngazi siku hiyo. Baba alikuwa juu ya paa anapigilia mabati, akauona mche umechomoza kwenye pembe ya ukuta, mwembamba, wa kung'olewa kwa vidole viwili. Wewe ulikuwa chini unaokota misumari. Baba akakuambia kutoka juu, "Kamwambie mama yako aung'oe ule mti, umeota wenyewe." Umeota wenyewe, Kasuku! Hakuna aliyeupanda, haumhusu mtu, ung'olewe.

Nawe ukatimua mbio. Mjomba anasema ulikwenda ukirudia maneno njiani ili yasikupotee, ndivyo ulivyokuwa ukifanya, na ndiko jina lako lilikotoka. Ila ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele wiki hiyo. Ulipofika jikoni nusu ya kwanza ilikuwa imekwisha kudondoka, na nusu ya pili ikapita kwenye pengo ikatoka upande wa pili ikiwa kitu kingine. Ukamwambia Mama, "Baba anasema ule mti una wenyewe." Kisha ukarudi kwenye misumari yako, kazi imekwisha.

Mimi niliacha mdomo wazi. Mjomba akauliza kwa nini tumenyamaza, kama tunamsema.

Tafadhali nijibu hili kwa barua yako: unakumbuka? Kitu chochote, paa, misumari, jiko? Sitaki ujilaumu, Mama mwenyewe hakutaka nikuambie, anasema utajisikia vibaya uko mbali ugenini. Lakini mimi najua utacheka kwanza. Na lazima uone maajabu yake: tulikulia chini ya kivuli cha meno mawili ya maziwa.

Lakini hapo si mwisho, na hili linalofuata ndilo lililonikosesha raha. Nikamuuliza Mama, sawa, mtoto alikosea. Baba aliposhuka kwenye paa na mti bado upo, mbona hakusema kitu?

Mama akasema alisema. Kesho yake alimuuliza, "Ule mti vipi?" Naye akamjibu, "Nimesikia. Mimi siugusi." Baba akasema, "Haya." Wakaendelea na chai.

Mjomba akadakia kwamba Baba alimlalamikia yeye kazini: dada yako kaupenda mti, nitafanyaje, mwache nao. Tangu siku hiyo Baba akawa anaumwagilia. Unakumbuka alivyokuwa akitoka kunyoa ndevu asubuhi na karai lake na kumwaga maji ya mwisho pale kwenye shina? Kila asubuhi, mpaka alipougua. Kumbe alikuwa anamtunzia mkewe mti wake. Na Mama akimwona kupitia dirisha la jiko, alifikiri mumewe anawaogopa wenyewe, anawapoza kwa maji. "Nilikuwa namwonea huruma," Mama akasema. "Nilijua ni mwanamume asiyeogopa kitu, nikasema kumbe ana hili, nisimwaibishe." Ndipo naye akaanza kufagia majani kila siku bila kunung'unika.

Basi watu wawili waliolala kitanda kimoja walitunza mti ambao hakuna hata mmoja aliyeutaka, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Mpaka Baba akatangulia, wala hakujua.

Mama alicheka. Alicheka sana, kicheko kile chake cha mabega, na mjomba akacheka bila kujua anacheka nini. Halafu nikaona kicheko kimegeuka, akafunika uso kwa kanga. Nikakaa naye. Alipomaliza akapangusa macho, akasema, "Angeniuliza tu." Baadaye kidogo akasema, "Na mimi ningemuuliza." Kisha akanyoosha mkono akatafuta bega langu, akasema, "Ueni. Hauna mtu."

Nitakuambia jambo la pembeni kabla sijaendelea. Jioni ile nilimtazama shemeji yako anakunywa chai nikamuuliza, hivi wewe kweli unapenda chai isiyo na sukari? Akaweka kikombe chini taratibu. Akasema tangu tuoane anaichukia, ila alidhani namlindia afya. Na mimi nilidhani yeye ndiye asiyetaka sukari! Tangu siku hiyo tunaulizana kila kitu, mpaka mapazia. Kumbe hata rangi ya mlango wa mbele hakuna aliyeichagua.

Turudi kwenye mti. Kuua mti si kukata mti, hilo nimelijua sasa. Shemeji yako, ambaye kwa kazi yake anaamini kila kitu duniani hunyooka ukikigonga, alichukua misumari mirefu akaipigilia kwenye shina kuuzunguka. Mti ukatoa utomvu mweupe, ukalia siku chache, halafu ukachipua majani mapya, laini, yanayong'aa, kama uliokuwa ukingoja kusisimuliwa. Akapendekeza chumvi. Nikamwambia chumvi itaua kila kitu uani isipokuwa mti. Mjomba akapendekeza mafuta ya taa, nikamnyang'anya dumu.

Nikaenda duka la pembejeo, nikamkuta bwana shamba anakula karanga, nikamuuliza maswali mpaka karanga zikaisha. Nilitaka kujua mti una uhai wapi. Mtu ana moyo, saa ina betri, mti je? Akanieleza kwamba maji hupanda kwa ndani ya mti, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa gome. Ukichubua gome duara zima, upana wa kiganja, ukafika kwenye mti mweupe wa ndani bila kuacha hata uzi, unakuwa umekata njia ya kushuka. Juu majani yanaendelea kunywa maji na kupunga upepo, hayana habari. Chini mizizi inalala njaa. Akanipa na dawa ya kupaka pale pale kwenye kidonda kabla utomvu haujaziba, pamoja na glavu, na onyo la kunawa.

Jambo lile lilinikaa moyoni. Nilipochubua lile duara kwa panga, niliacha kazi nikasimama nikitazama juu. Matawi yalikuwa yametulia, ndege wanaendelea na shughuli zao. Chini tayari nimekwisha kuumaliza. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Tukayashusha matawi makubwa kidogo kidogo kwa kamba ili yasije yakaangukia mabati. Tukaacha shina na matawi machache, tukangoja. Hapo ndipo nyumba ilipogeuka wodi. Kila asubuhi Mama akiamka alikuwa akiniuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Nami nilikuwa nakwenda na mkasi, nakwangua gome kidogo, nikiona kijani chini yake narudi kusema bado. Majani yalipoanza kudondoka nikadhani umekufa, nikakwangua, kijani. Majani yakaisha, kijani. Nikamuuliza bwana shamba mti hufa lini hasa, akasema hajui, hakuna anayejua, mtu hugundua tu kwamba umekwisha kufa. Niliwaza sana jibu hilo. Mjomba alikuja kutazama kila Jumamosi, kwa kuwa nadhani alijiona ana hisa.

Wakati mmoja Mama aliniomba nimpeleke. Aliweka kiganja kwenye lile duara nililolichubua, akasema ni baridi na lina unyevu. Wiki iliyofuata akaomba tena, akasema sasa pamekauka. Alisimama pale akipapasa, hakuniambia anawaza nini, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.

Asubuhi moja nikakwangua nikakuta kahawia. Nikakwangua upande wa pili, kahawia. Nikarudi ndani nikamwambia Mama. Akasema, "Haya." Akaendelea kukunja nguo.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Fundi akaja na watu wake, wakaling'oa lile shina, wakachimba kando ya ukuta, wakakuta mzizi umelala chini ya msingi umejibapa kama ubao, unene wa paja. Wakaukata vipande vipande wakautoa. Akamimina zege, akainua msingi, kisha akaingia ndani akafukua ule ufa wote, akaufunga, akapiga plasta ukuta mzima. Mama tulimweka uani kwenye kiti kutwa nzima, na kaka mkubwa alikuja kushuhudia kwa macho yake kama kweli chumba kitafaa. Fundi yule ana mkono. Alipomaliza, ukuta ulikuwa kama shuka lililopigwa pasi. Kaka akausifu, mimi nikausifu, tukakubaliana Mama habanduki.

Mama akasikia tunasifu, akainuka. Hatukumwona. Aliingia kama anavyoingia siku zote, hatua mbili kutoka mlangoni, mkono kulia, ukutani. Fundi akapiga kelele, "Mama, mbichi!" Mama akasimama palepale. Akaanza kupapasa hewani mbele yake, kushoto, kulia. Nilimwona anapapasa hivyo kwa mara ya kwanza.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Nikamwambia, Mama, ni chumbani kwako. Akauliza kitanda kiko wapi. Kilikuwa hatua chache mbele yake. Akasema, "Ufa uko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Ule ufa tuliokuwa tukiutazama kwa hofu, Mama alikuwa akiufuata. Kidole chake kilikuwa kinaingia mle mlangoni na kutoka kitandani, kila siku, kila alipoamka. Ndiyo njia yake. Sisi tumeua mti, tumefukua msingi, tumemshinda kaka, yote ili Mama asipotee, na tumemlipa fundi aifute njia.

Kaka aliinama chini. Mama akageuza uso upande alikosikia pumzi ya fundi.

"Bado mbichi?"

"Mbichi, mama," fundi akasema.

"Nipeleke mwanzo wake."

Fundi akamshika kiwiko, akampeleka mpaka kwenye kichwa cha kitanda. Mama akapapasa kitanda kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akachomeka kidole kwenye ile plasta nzuri iliyomchukua fundi siku nzima, akaanza kutembea. Hakuharakisha. Palipokuwa pakipanda akapandisha, palipokuwa pakiteremka akateremsha, kila kona aliikumbuka. Alitembea mpaka kidole kikagonga fremu ya mlango. Akajipangusa kwa kanga.

Fundi alikuwa bado ameshika mwiko. Akamuuliza apake rangi gani.

"Yoyote unayoipenda, mwanangu," Mama akasema. "Mimi siioni."

Akageuka, akaweka kidole kwenye mstari wake, akarudi kitandani peke yake.

Mjomba anakusalimu, kama umesikia ngurumo, ndiyo salamu yenyewe. Kaka mkubwa anakusalimu sana, na shemeji yako, na shangazi, ambaye bado haamini neno hata moja la haya na ameniomba nisikanyage pale shina lilipokuwa. Mkunga wa nyuma anakusalimu na mfereji wake uliozibuka. Mama anakusalimu kwa jina lako la utoto, na amesema ule vizuri.

Mvua ilinyesha juzi, usiku kucha. Asubuhi nilimkuta amelala, ukuta umesimama.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya, na siku moja akurudishe mlangoni petu. Ukija, usiwashe taa chumbani kwa Mama. Weka kidole kwenye mstari wa ukutani uufuate, utamkuta.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ninayengoja jibu la lile swali la paa na misumari,

Bi Kwanini